Mjomba, hii ya malori naomba uivumilie

Shikamoo Mjomba,

Najua unavyozichukia filamu za malori. Dereva anageuka kumtazama abiria, anapiga soga dakika nzima, barabara inajiendesha yenyewe, na gia haiguswi. Lakini ipo moja ya Ufaransa, *Le Salaire de la peur*, iliyotengenezwa na Henri-Georges Clouzot mwaka 1953. Ile uitazame.

Kisa chenyewe kiko Amerika ya Kilatini. Kisima cha mafuta cha kampuni ya Kimarekani kinawaka, na moto wa namna ile huzimwa kwa mlipuko unaoukata mwali na kuunyima hewa. Kilichopo ghalani ni nitrogliserini, kimiminika kisichotaka kutikiswa. Inabidi isafirishwe karibu kilomita 500 ndani ya madumu, kwa malori mawili ya kawaida yasiyo na kinga yoyote. Madereva ni wanne, na kila mmoja ameahidiwa dola 2,000. Kampuni ina wafanyakazi wake, ila hao wana chama cha kuwatetea. Wazururaji waliokwama kijijini Las Piedras, bila nauli ya kuondokea, hawana chama wala ndugu wa kuja kudai maiti. Basi wanachukuliwa hao. Hapo, Mjomba, sidhani kama nina la kukueleza.

Utachoka mwanzoni. Karibu saa nzima inapita malori hayajaondoka: joto, vumbi, wanaume wasio na kazi wakigombana baani. Usizime. Clouzot anataka uwajue wanavyotambiana kabla ya kuwakabidhi usukani. Baada ya hapo hata jiwe barabarani linakukausha mate.

Kuna kipande cha barabara yenye mawimbi kama bati. Kanuni yake ni moja: ama ukimbize kama kilomita 60 kwa saa ili gari lielee juu ya matuta, ama ujikongoje mwendo wa kobe. Katikati ya hapo ni kaburi. Sasa lori moja liko nyuma ya jingine, na kila moja limechagua mwendo wake.

Kisha kuna kona kali mlimani ambayo lori halikati kwa mkupuo. Lazima lipige rivasi juu ya jukwaa la mbao lililooza, linaloning'inia juu ya korongo. Mbao zimelowa, tairi zinateleza. Mario, anayeigizwa na Yves Montand, yuko kwenye usukani. Jo, mwenzake wa lori hilo, ndiye anayepaswa kumwelekeza kutoka nyuma. Muziki hakuna, ni injini na mbao tu. Nilisimama, nikatazama sehemu iliyobaki nikiwa wima.

Huyo Jo ndiye hasa ninayetaka tumzungumze. Anafika kijijini kwa suti nyeupe, mbabe, kila mtu anamwogopa. Barabarani ubabe wote unamwishia: anatetemeka, anatoka jasho, anakimbia. Wengi humcheka, na Mario mwenyewe anamdharau hadi kumpiga. Mimi naona ndiye pekee anayetumia akili yake sawasawa. Mario ni kijana, hajaamini bado kwamba anaweza kufa. Jo anaamini. Charles Vanel alipata sifa maalumu kwenye tamasha la filamu la Cannes kwa kumwigiza, na filamu yenyewe ikatwaa tuzo kuu mwaka huohuo. Ukifika kwenye dimbwi la mafuta, mtazame usoni, halafu uniambie kama Mario angeweza kusimamisha lori au la. Nimebishana na watu juu ya hilo. Wasiowahi kuendesha lori wote wanasema angeweza.

Mwisho wake sikusimulii. Nitasema tu kwamba haukunikaa vizuri: naona mtengenezaji aliusukuma kwa mkono wake, wakati safari yote ilijiendea kwa nguvu zake.

Tafuta nakala ndefu, ya karibu saa mbili na nusu. Ilipopelekwa Marekani ilikatwakatwa, hasa sehemu zilizoonekana kuichafua nchi yao. Lugha ni Kifaransa, na humo kuna Kiingereza na Kihispania, na najua maandishi ya chini yanakuumiza macho. Nikija Idi nitakaa pembeni yako nikutafsirie. Wewe kazi yako ni kunionyesha waliposhika gia vibaya.

Mpwa wako