Vuta droo kwanza: kuchagua fanicha ya kale, ya zamani au mpya

Mteja akituuliza anunue fanicha ya kale au mpya, sisi humuuliza kwanza: itafanya kazi gani? Umri peke yake hautoshi kuamua. Kuna kabati la miaka 120 litakalobeba nguo zako bila shida yoyote, na kuna kiti cha umri huohuo ambacho mtu mzima asikikalie mpaka maungio yake yafunguliwe na kutiwa gundi upya.

Tuelewane kuhusu majina, maana wauzaji huyachanganya, wengine kwa makusudi. Fanicha ya kale ni ile iliyotimiza miaka 100. Ndicho kipimo kinachotumiwa na forodha za Marekani, na wafanyabiashara wengi hukifuata. Chini ya hapo, hadi kama miaka 30 hivi, tunaiita ya zamani, ingawa mpaka huo ni mazoea ya soko tu. Kisha kuna kundi linaloponza watu wengi: fanicha iliyoundwa juzi kwa mtindo wa kale, ikapigwa minyororo na kupakwa chai ionekane imechakaa. Kuinunua si kosa. Kosa ni kuilipia bei ya kitu cha kale.

Anza na droo

Uso wa kabati hung'arishwa ili upendeze, lakini ni wachache wanaohangaika kuficha mambo ndani ya droo. Itoe nzima, ipeleke kwenye mwanga. Tazama kona ambapo ubao wa mbele unakutana na wa ubavuni. Ikiwa zimeungwa kwa meno ya mkia wa njiwa, yaani meno yanayopanuka kuelekea nchani na kuingiliana, angalia kama meno yanalingana. Yaliyokatwa kwa msumeno wa mkono hayalingani: moja jembamba, jingine pana, na mara nyingi pembeni yake utaona mkwaruzo mwembamba wa alama aliyochora seremala kabla ya kukata. Meno yanayofanana kabisa na yenye nafasi sawa ni ya mashine, na mashine hizo zilienea mwishoni mwa karne ya 19. Kona zilizoshikwa kwa pini na gundi tu hazina maisha marefu, ziwe za mwaka wowote.

Igeuze uone kitako. Ubao mzima husinyaa kwa upana kadiri miaka inavyokwenda, hivyo ufa mwembamba hapo ni jambo la kawaida. Kitako cha plaiwudi kwenye kabati linalodaiwa kuwa la 1850 kina maelezo mawili tu: kimebadilishwa, au unadanganywa. Bodi ya MDF, iliyoshindiliwa kwa nyuzi za mbao na gundi, ndiyo changa zaidi. Ilisambaa tangu miaka ya 1980.

Skrubu nazo huzungumza. Zile za kichwa cha msalaba ziliingia sokoni miaka ya 1930. Moja au mbili kwenye bawaba huenda ni za matengenezo. Zikiwa zote hivyo, na hakuna tundu lolote la skrubu ya awali, hicho si kitu cha kale.

Angalia pia matundu ya vishikio. Matundu yaliyozibwa yakionekana ndani na nje, vishikio vimebadilishwa tu. Mkusanyaji wa vitu vya kale atanuna, mtumiaji wa nyumbani hana hasara. Lakini yakionekana kwa ndani huku uso wa nje ukiwa mzima kabisa, uso huo umebandikwa vinia mpya, yaani ganda jembamba la mbao.

Kwa meza ya duara kuna kipimo kizuri kinachohitaji futi kamba tu. Pima kipenyo kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha kwa kuzikata. Meza ya ubao mzima ya miaka 100 itakuwa imepungua milimita kadhaa upande unaokata nyuzi. Ikiwa duara kamilifu, uliza maswali zaidi.

Kinachoharibika, na kinachorekebishika

Matundu madogo ya milimita 1 hadi 2 ni ya wadudu wanaotoboa mbao. Tundu lenyewe halitishi, kwa sababu linaonyesha mdudu alipotokea, na huenda alitoka miaka 60 iliyopita. Cha kutafuta ni unga mpya. Tandika karatasi nyeusi chini ya fanicha, iache wiki mbili au tatu bila kuisogeza. Ukikuta vichuguu vidogo vya unga mweupe, wadudu wako hai, na kitu hicho kisiingie ndani karibu na fanicha nyingine kabla ya kutibiwa. Bonyeza pia miguu kwa ncha ya bisibisi: ikizama kirahisi, mbao imeliwa ndani na mguu hautabeba uzito.

Kiti kinachoyumba kinatisha kuliko kinavyostahili. Viti vingi vya kale viliungwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu. Kwa hiyo fundi anaweza kufungua maungio, akasafisha gundi yote ya zamani kwa maji ya uvuguvugu, akaacha mbao zikauke, akatia gundi mpya na kubana kwa klampu saa 24. Tatizo kubwa ni kiti ambacho mtu alishakigongea misumari. Msumari haukazi ungio. Hupasua ulimi wa ubao unaoingia kwenye ungio, na baada ya hapo kazi inakuwa ya kuchonga kipande kipya. Kumimina gundi nyeupe juu ya ile ya zamani nako hakusaidii, kwa kuwa haipati mbao ya kushika.

Kabla ya kupiga msasa chochote, jua kilichopakwa juu. Chovya pamba kwenye spiriti, iguse mahali pasipoonekana kwa sekunde chache. Pakinata, hiyo ni shelaki, king'arishi cha zamani kinachotokana na utomvu wa wadudu, na mara nyingi hufufuliwa bila kukwanguliwa. Pasipobadilika, yaelekea ni vanishi ya kisasa. Rangi ya zamani ni jambo jingine: ile ya kabla ya miaka ya 1980 inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiipige msasa mkavu.

Vinunue vipya

Godoro, bila mjadala. Kitanda cha mtoto mchanga pia: vya zamani vingi vina nafasi pana kati ya fito, wakati kipimo salama ni kisichozidi sentimita 6. Sofa ya zamani inafaa ikiwa fremu ni imara na umepanga kubadilisha sponji na kitambaa vyote. Hesabu gharama hiyo kabla ya kufurahia bei yake.

Ukinunua sofa mpya, uliza uzito wa sponji kwa mita moja ya ujazo. Kwa sehemu ya kukalia tunashauri isipungue kilo 30. Nyepesi zaidi hubonyea mapema. Makabati ya chipubodi, bodi ya vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, yanafaa mahali pakavu, mradi kingo zote zimezibwa, maana maji yakiingia bodi huvimba na hairudi. Rafu ya milimita 16 yenye urefu unaozidi sentimita 80 itapinda ukiijaza vitabu. Na kama unahamahama, kumbuka skrubu hupoteza mshiko kwenye chipubodi baada ya kufunguliwa na kufungwa mara chache.

Makabati ya nguo ya kale yana mtego ambao wateja huugundua wakiwa wameshalipa. Mengi yalitengenezwa kwa nguo za kutundikwa kwenye kulabu, kwa hiyo kina chake ni sentimita 40 hadi 45. Henga ya kawaida ikiwa na koti huhitaji kama 55. Suluhisho ni bomba fupi linalotoka nyuma kuja mbele, nguo zikatazama mlangoni. Vitanda vya kale navyo vina upana usiolingana na magodoro ya leo, basi pima ndani ya fremu, si nje.

Kuhusu kuchanganya mitindo chumbani, hatuna masharti mengi. Angalia kimo tu: meza ya chakula huwa sentimita 73 hadi 76, na kati ya kiti na ubao wa meza pabaki 25 hadi 30. Viti vya kale vikiwa vifupi kwa meza mpya, hakuna rangi itakayoficha hilo.

Mwisho pima njia, si chumba pekee: mlango, kona ya ngazi, lifti. Kwa sofa pima kimo na kina chake, kisha uone kipi kati ya hivyo kitapita mlangoni ikiwa imelazwa ubavu. Miguu ikifunguka unaokoa sentimita 10 au zaidi. Makabati mengi makubwa ya kale hufunguliwa vipande vipande, taji juu, mwili katikati na kitako chini, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kukata tamaa. Fanicha ikishafika, isikae mbele ya kiyoyozi wala dirisha la jua kali. Ubao mzima ukikauka ghafla hupasuka.