"Kinasema nini?" au "Anasema nini?"

Walimu wa chekechea wanaotupigia simu sisi wachezesha vikaragosi wana lalamiko linalofanana: tumenunua vikaragosi vizuri, vya rangi, mwalimu anajitahidi kuvichezesha, lakini baada ya dakika tano watoto wanafinyana na kuuliza kama uji uko tayari. Tukifika kutazama, kwanza tunasikiliza ngeli. Mtoto akimuuliza mwenzake "kinasema nini?", bado anaona kitambaa mkononi mwa mwalimu. Akiuliza "anasema nini?", Fisi amezaliwa.

Kosa tunalolikuta zaidi ni la macho. Mtu akinyoosha mkono juu ya pazia, kikaragosi hutazama dari. Watoto wamekaa mkekani, yeye anaongea na feni. Kunja kifundo cha mkono mpaka pua ielekee chini, kwa mtoto wa mstari wa pili, uone darasa linavyonyamaza. (Neno kikaragosi lenyewe asili yake ni Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, na jina hilo maana yake ni "jicho jeusi". Basi hata jina limeanzia machoni.)

Kisha mdomo. Wengi huufungua kwa kuinua vidole vinne vya juu, na kichwa chote kinarudi nyuma kama kuku anayekunywa maji. Jitazame kwenye kioo ukiongea: taya la chini ndilo linaloshuka. Kwa hiyo kazi ni ya kidole gumba. Na Kiswahili kina mtego wake hapa. Silabi zetu ni nyingi, karibu zote huishia kwa irabu, hivyo anayefungua mdomo kwa kila silabi huishia kupapatika tu. "Nimechoka kukaa ndani" ina silabi tisa. Fungua kwa nguvu mara tatu, penye mkazo: CHO, KA, NDA. Nyingine zipite kwenye mwanya mdogo.

Hayo yote mtu huyapata kwa mazoezi. Kinachowashinda walimu ni kutulia. Wanaogopa kimya, wanakijaza kwa kurukaruka na sauti ya kubana. Sisi tuna kikaragosi chetu, Bibi. Hapandi kama lifti. Hupanda hatua kwa hatua, bega moja kwanza, anakohoa, anawatazama watoto. Hasemi kitu. Anasubiri. Kuna siku alisubiri mpaka mwalimu akadhani tumesahau maneno, halafu sauti moja nyembamba ikatoka nyuma: "Shikamoo Bibi." Bibi akageuka polepole, akamtafuta mwenye sauti, akampata. "Marahaba, mjukuu wangu." Darasa zima likaamkia. Muda wote huo Sungura alikuwa pembeni, akimtazama Bibi na kupumua tu. Angetikisika kidogo, macho ya watoto yangemfuata yeye.

Ndiyo maana tunakataa sauti iliyorekodiwa, hata mteja anapotuambia ni rahisi na haina usumbufu. Kanda haisubiri shikamoo. Na ukipiga "Hadithi, hadithi!", watoto wakajibu "Hadithi njoo!" kwa unyonge, lazima Fisi aweze kulalamika kwamba hajasikia.

Mafunzo yetu ni ya nusu siku, walimu wasiozidi 10, na tunakuja shuleni kwenu. Kila mmoja alete soksi mbili na simu ya kujirekodi. Mkono utauma, tunasema mapema. Baada ya dakika chache kikaragosi cha mgeni wa kazi hii huanza kuzama taratibu kama aliyekanyaga tope, kwa hiyo tunafundisha pia kupanga matukio mafupi na kupokezana. Mkitaka onyesho badala ya mafunzo, tunahitaji mahali penye kivuli, mkeka na ukuta nyuma yetu ili watoto wasizunguke kuchungulia. Watachungulia tu, lakini baadaye. Spika kubwa hatutumii. Watoto wakizidi 80, tutaomba tucheze mara mbili.