Kisima kipimwe kwa hatua, si kwa namba moja

Mhariri,

Wenye mashamba na hoteli huku kwetu Arusha, kuanzia Usa River hadi Kisongo, wakishachimbiwa kisima hukabidhiwa karatasi yenye namba moja tu: lita 30,000 kwa saa. Namba hiyo haisemi kama maji yanabanwa na mwamba wenyewe au na tope la kuchimbia lililoganda nje ya bomba la matundu.

Wahandisi wa mafuta huligundua jambo hili kwa kukifunga kisima na kusoma presha inavyopanda. Wakichora presha hiyo, mwinamo wa mstari huonyesha mwamba ulivyo, na upotevu wa presha unaozidi hapo huhesabiwa ni wa eneo linalogusana na kisima. Kipimo cha upotevu huo wao hukiita ngozi: namba yake ikiwa chanya, mara nyingi kisima kimeziba. Kwenye maji kazi ni nyepesi, maana kina cha maji ndiyo presha yetu.

Kisima kikishasafishwa, kilale usiku mzima. Asubuhi vuta mita za ujazo 10 kwa saa, kisha 20, kisha 30, kila hatua saa moja au mbili bila kuzima (dizeli ya jenereta ihesabiwe mapema, ikikata katikati mmeanza upya). Tuseme maji yameshuka mita 3, 8 na 15. Gawanya kwa kiasi kilichovutwa: 0.3, 0.4, 0.5. Zichore namba hizo dhidi ya kiasi kilichovutwa; ukirudisha mstari wake hadi kiasi sifuri unapata 0.2. Mara 30, ni mita 6, ambazo huhesabiwa ni za mwamba. Mita 9 zilizobaki zinapotelea pale pale kisimani, na aliyeuziwa pampu kubwa zaidi atazilipia umeme kila mwezi.

Hata hiyo 0.2 yaweza kuficha tope. Kwa hiyo mkizima, someni maji yanavyorudi: kila nusu dakika kwa dakika 5 za mwanzo, kisha kwa vipindi virefu zaidi. Yakiruka ghafla halafu yakaanza kutambaa, tatizo liko karibu; rudisheni kompresa msukume na kuvuta maji kisimani ili tope ling'oke, msichimbe zaidi. Pampu isiyo na vali ya kuzuia maji kurudi huharibu usomaji huu wote, kwani maji ya bombani hudondoka kisimani. Vivyo hivyo maji ya majaribio yakimwagwa jirani: changarawe zetu za volkano huyarudisha chini.

Sampuli ya kupima floraidi (madini ya majini ambayo yakizidi huharibu meno) ichukuliwe mwishoni mwa kuvuta, si dakika ya kwanza.

Haya yaandikwe kwenye mkataba kabla mashine haijafika, na malipo ya mwisho yasubiri karatasi za vipimo vyote, dakika kwa dakika.

Mdau wa visima,
Njiro, Arusha