Mtu akiungua, tumbo nalo liangaliwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Sisi wa huku Nakuru mambo ya moto tunayajua, pale Sachangwan 2009 lori la mafuta liliua watu zaidi ya mia moja, na mpaka wa leo watoto wanamwagikiwa uji moto na stovu za mafuta taa zinalipukia watu. Kinachoniuma ni kwamba mgonjwa akishalazwa sisi jamaa tunaangalia ngozi tu, bandeji imebadilishwa ama bado, tumbo hakuna anayeuliza.

Na tumbo linaumia kweli! Daktari Mwingereza Thomas Curling aliandika kuhusu vidonda vya utumbo kwa watu walioungua, huko nyuma mwaka wa 1842. Ukiungua sehemu kubwa, maji ya damu yanavuja, mwili unapeleka damu iliyobaki kwa moyo na ubongo, tumbo linanyimwa, halafu damu ikirudi zinazaliwa molekuli kali za oksijeni zinazokula ule utando unaozuia asidi, ndio unaona mtu anatapika damu ama anaenda choo cheusi kama lami. Ukiona hivyo ita nesi saa hiyo hiyo.

Sasa kuna hii melatonini, homoni ya usingizi, iligunduliwa Marekani 1958 na Aaron Lerner na wenzake. Wengi wanajua inatoka kwa ubongo usiku, kumbe hata tumbo na matumbo yanaitengeneza, tena kwa wingi. Ni antioksidanti, yaani inazituliza zile molekuli. Panya walioungua wakapewa melatonini, utando wa tumbo lao uliharibika kidogo kuliko wa wenzao ambao hawakupewa. Mimi hiyo imenipa matumaini sana.

Lakini hao ni panya, tafadhali mtu asikimbie kemisti kununua. Matibabu bado ni dripu mapema, chakula mapema na dawa za kupunguza asidi, na usimpenyezee mgonjwa dawa za maumivu kama ibuprofeni ama diklofenaki bila daktari kujua, hizo zinachubua tumbo zaidi.

Ombi langu kwa wataalamu wetu wa vyuo vikuu, Egerton wako hapa Njoro na Maseno wako kule chini, hili jambo walifuatilie kwa wagonjwa wetu. Na zile taa kali zinazowaka ndani ya wadi usiku kucha zipunguzwe pale inapowezekana, juu mwanga wa usiku unazuia ubongo kutoa hiyo homoni na mgonjwa aliyeungua usingizi tayari ni wa shida.

Msomaji wenu,
Nakuru