Mwenye mafua aambiwe kabla hajapanda boti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu Hifadhi ya Gombe, ile ya sokwe mtu kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa mwaloni Kibirizi. Boti zetu zinapeleka abiria vijiji vya kaskazini, na mtalii asiye na fedha za kukodi boti yake hupanda humo humo, akakalia gunia la sukari pembeni ya madumu ya petroli.

Majuzi alipanda baba mmoja na kijana wake. Baba macho mekundu, leso haimtoki mkononi, na kila akipiga chafya anasema ni vumbi la treni tangu Tabora. Abiria wakacheka. Kufika Kasekela, wanaposhukia wageni wa Gombe, akazuiwa kwenda kwa sokwe. Kijana akapanda mlima na mwongozaji, baba akabaki ufukweni amenuna, anawatazama nyani.

Kumzuia ilikuwa haki. Sokwe mtu anashika maradhi yetu, na mafua ambayo wewe unayamaliza kwa chai ya tangawizi yeye yanaweza kumuua. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe. Wako waliokufa, wako waliopooza mikono. Ndiyo sababu ya barakoa na ya kukaa mbali nao mita 10.

Ninachogombea ni mahali mtu anapoambiwa. Anaambiwa akiwa ameshalipa gesti, ameshalipa nauli, ameshapigwa na mawimbi saa nzima na zaidi. Hapo hata mtu mwaminifu atameza vidonge viwili na kukaza koo asikohoe. Vivyo hivyo kwa wazazi: mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kufuata sokwe, lakini wengi wanalijua hilo miguu ikiwa tayari kwenye changarawe za Gombe.

Wanaouza safari, wenye gesti na manahodha wetu waseme mapema, na tangazo libandikwe hapa mwaloni na pale stesheni. Yule baba angeambiwa akiwa mjini, angepumzika, akaogelea ziwani, akaenda Ujiji kuona alipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, jioni akala mgebuka wa kuchoma. Mafua yakiisha aje Kibirizi, tutampakia. Nauli haiozi.

Fundi wa boti,
Kibirizi, Kigoma