Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wanachama wenzangu, wazee wetu, walezi mliofika, na nyinyi mliotuma mtu kwa kuwa hamna wa kumwachia mgonjwa,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia. Niseme tu kwamba michango iliingia kwa kusuasua kama kawaida yetu, na kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye nauli. Mwanachama mmoja alituuliza, kwa hasira kidogo, inakuwaje chama cha kutetea haki kimalizie pesa kwenye bodaboda. Anastahili jibu, na jibu lake ndilo taarifa yangu ya mwaka huu.

Mapema mwaka huu tulialikwa kutoa maoni kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa malipo ya kila mwezi, hizi tunazoziita pesa za wazee ingawa ndani yake mna za mayatima na za watu wenye ulemavu mkubwa. Tulikwenda watatu: mimi, katibu na mjumbe wa kamati. Wote tunasoma waraka bila kuazima miwani, na hakuna hata mmoja kati yetu anayepokea zile shilingi 2,000 za mwezi. Mimi nina pensheni yangu ya ualimu. Nilizungumza robo saa nzima. Nilitaja Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Nikasema kiwango hakijasogea kwa zaidi ya miaka 10 ilhali unga unapanda kila kukicha. Nilipigiwa makofi, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Wiki iliyofuata niliwasimulia walezi safari ile. Mama mmoja anayemlea mwanawe mwenye mtindio wa ubongo akanyoosha mkono: "Na ile ya mlezi akifa, mwalimu, uliisema?" Sikuisema. Sikuijua. Akanifundisha. Pesa za mtu mwenye ulemavu mkubwa hupitia kwa mlezi, kwa kuwa mwenyewe hajiwezi. Nyanya aliyekuwa mlezi akifariki, shangazi humchukua mtoto siku ileile ya mazishi, lakini kwenye kompyuta mtoto bado ni wa marehemu. Malipo husimama mpaka mlezi mpya aandikishwe, na hapo ndipo safari za kwa chifu na za ofisini huanza, mtoto mgongoni. Kipindi ambacho nyumba imefiwa na ina deni la sanda, ndicho kipindi pesa hukatika. Alipomaliza akasema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Watu wakacheka. Nami nilicheka, ila si kwa sauti.

Tokea hapo kamati ilibadili utaratibu. Hatutumi tena anayejua kuhutubu, tunamtuma anayepanga foleni. Hii ina gharama zake. Mlezi hatoki bila mtu wa kubaki na mgonjwa, kwa hiyo tunamlipa jirani. Mwenye kiti cha magurudumu hapandi matatu, lazima tukodi tuktuk ya kwenda na kurudi. Asiyesikia haendi popote bila mkalimani. Ukiondoa gharama hizo, watakaofika ni walewale watatu wa mwanzo.

Yaliyosemwa na waliofika sikuwahi kuyaona katika waraka wowote. Mama aliyeponda kokoto maisha yake yote hana tena alama za vidole za kusomeka. Alipokwenda kuchukua pesa mashine ikamkataa mara tatu, wakala anayelipa akamshauri anawe kwa limau. Kumbe humu ukumbini wengi mmeshanawa limau, na wengine mafuta ya nazi. Wanachama hawakuomba mashine mpya. Waliomba njia ya pili ijulikane, kitambulisho na shahidi kwa mfano, na iandikwe ukutani, ili isiwe hisani ya wakala siku akiamka vizuri. Mlezi mwingine alilalamikia swali la fomu, kama mgonjwa anaweza kula mwenyewe. Jumatatu anaweza, Jumanne anapaliwa. Ajibu ipi? Na tangazo la uandikishaji likitolewa kwenye baraza la chifu peke yake, asiyeweza kuamka kitandani hatalipata, naye ndiye linayemhusu.

Wazee walinishangaza kwa jambo jingine. Nilidhani watalia na kiasi. Walipoulizwa kitu gani kilirekebishwa vizuri, walitaja mwaka 2018, serikali ilipoanza kumlipa kila aliyefika miaka 70 asiye na pensheni, badala ya kuchagua maskini miongoni mwa maskini. Zamani, wanasema, uchaguzi ule uligombanisha majirani, na mzee wa kijiji akawa adui wa nusu ya mtaa. Umri hauna upendeleo. Mtaalamu anayepiga hesabu za bajeti pekee hatauona ugomvi huo kama gharama.

Kuna jambo moja tumelikataa, nanyi mnisaidie kulilinda. Mara mbili mwaka huu wanachama wetu waliitwa kwenye warsha, wakaombwa wasimulie shida zao, wakalia, wakapigwa picha, wakapewa soda. Kisha wakashukuriwa na kutolewa nje, na wenye warsha wakaendelea na kikao. Huko si kushirikishwa. Anayeitwa asimulie abaki mezani wakati wa kuamua. Asipobakishwa, tusimpeleke, hata posho iwe nono namna gani.

Katibu, ambaye halali usiku kwa kusoma, ametuletea habari za Uskoti. Serikali ya huko ilipokabidhiwa baadhi ya malipo ya ustawi kutoka London, mwaka 2017 iliwaita waliowahi kuyapokea, wakajitokeza zaidi ya 2,400. Hawakuitwa siku moja, waliulizwa miaka kadhaa, kuanzia barua zinavyoandikwa hadi namna mtu anavyopimwa ulemavu. Sheria yao ya 2018 inasema wazi kwamba mfumo uundwe pamoja na wananchi. Najua tofauti ya mifuko yao na yetu. Lakini kumuuliza mtu mapema hakuhitaji mfuko mkubwa, na Katiba yetu yenyewe, Kifungu cha 10, imeuhesabu ushirikishwaji wa wananchi katika maadili ya taifa.

Matunda? Machache. Afisa mmoja wa ustawi wa jamii aliyaandika ya mlezi na ya vidole mbele ya macho yetu, na kwa la mlezi akaomba mifano zaidi. Tumempelekea. Hatujajibiwa. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 tumeipata, na tutaisoma kwa sauti Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya ishara.

Mwisho ni pendekezo la kubadili katiba ya chama: kati ya viti tisa vya kamati, vitano vishikwe na wanaopokea malipo au walezi wao, na cha mwenyekiti kiwe kimoja cha hivyo vitano. Kwa hesabu hiyo mimi sina sifa. Kura itapigwa baada ya chakula. Asiyeweza kupanga mstari abaki alipoketi, sanduku litamfuata.