Risala ya kikundi cha matembezi kwa mgeni rasmi, Flat Rock, North Carolina

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, viongozi wa dini, wazazi na vijana, shikamooni wakubwa.

Tunamshukuru Mungu kutukutanisha tena hapa Connemara, shamba alipoishi mshairi wa Marekani Carl Sandburg tangu 1945 hadi alipofariki 1967.

Mheshimiwa, sisi ni familia kutoka Kongo, Burundi na Tanzania. Kila mwezi tunakuja kutembea katika ekari hizi 264. Tusikufiche, tulianza kuja kwa kuwa viwanja havina kiingilio. Tumeendelea kuja kwa sababu ya njia zenyewe. Vijana hupanda hadi kilele cha Big Glassy, maili moja na nusu hivi, huku mama zetu wakizunguka ziwa taratibu.

Wazee huenda moja kwa moja kwenye zizi la mbuzi. Mke wa mshairi, Mama Lilian, alikuwa mfugaji hodari wa mbuzi wa maziwa, na hadi leo wanafugwa hapa wa aina zilezile. Mara ya kwanza, mzee wetu mmoja, ambaye kwa siku kadhaa hakuwa amesema na mtu, aliomba ruhusa, akamshika mbuzi kidevu, akamfunua mdomo. Akahesabu meno makubwa manne. "Huyu ana miaka miwili." Mhudumu akasema ndivyo. Siku hiyo mzee alizungumza njia nzima hadi nyumbani.

Lipo na jambo zito tunalowaeleza watoto tukiwa njiani. Nyumba hii ilijengwa miaka ya 1830 na Christopher Memminger, aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa majimbo yaliyopigania utumwa, na watu weusi walitumikishwa hapa. Karne moja baadaye akahamia mtu aliyeandika maisha ya Abraham Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa. Watoto wetu tunataka wayajue yote mawili.

Mheshimiwa, changamoto yetu kubwa ni usafiri. Magari ni ya kuazima, na yakipungua, wanaoachwa ni wazee. Tunaomba utusaidie basi dogo mara moja kwa mwezi. Pia utusemee ili ramani ya njia ichapishwe kwa Kiswahili. Kutafsiri tutatafsiri wenyewe, bure.

Yule mzee yupo hapa, mstari wa mbele. Ameomba akupeleke zizini yeye mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.